Mwaka Niliojipiga Picha Juu ya Mkwaju

Nilipoingia msibani kwa Zuhura, mtaa wa Nguvumali, nilivua viatu mlangoni nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, na kabla sijamaliza kupeana pole na wafiwa nikamsikia mmoja anamnong'oneza jirani yake: "Ndiye huyu. Ndiye aliyempandisha marehemu mtini kuwapiga picha nguruwe." Yule wa pili akanitazama miguu, akanitazama uso, akatikisa kichwa. Nilinyamaza, maana mle ndani palikuwa pakisomwa Yasini na mimi si mtu wa kuharibu kisomo cha wenyewe. Lakini walipoleta chai nikawageukia wote wawili nikawaambia kwa sauti ya kawaida, bila kununa: Zuhura hakupanda mti hata siku moja. Alikuwa na nyonga mbovu tangu usichana, ngazi ya vidato vitatu ilimtoa jasho. Aliyepanda ni mimi. Aliyeua ni mimi. Na aliyejipiga picha akiua ni mimi huyu huyu, Felista, na habari hiyo mkitaka kuisikia isikieni kwangu. Wakasema, "Haya, mama." Hawakuuliza zaidi. Basi naiandika, kwa sababu nimechoka kusimuliwa maisha yangu na watu ambao mwaka ule walikuwa bado hawajazaliwa.

Ulikuwa ule mwaka sabuni iliporudi madukani. Sijui namna nyingine ya kuutaja ikaeleweka kwa watu wa umri wangu. Kwa muda mrefu tulifua kwa majani ya mpapai, tulipanga foleni ya sukari kwa kuweka jiwe mahali petu tukaenda kufanya kazi nyingine, na mtu akionekana na kanga mpya aliulizwa maswali. Kisha mambo yakaachiwa. Wenye ndugu Uarabuni na Mombasa wakaruhusiwa kuleta mali bila kuulizwa wameipataje, na katika miezi michache mji wa Tanga ukajaa redio za kaseti zenye milango miwili, mashati ya mitumba yenye majina ya timu tusizozijua, betri, vioo, na deki za video. Lakini kwetu sisi wa makambi ya mkonge, sabuni iliporudi kazi iliondoka. Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita kwenye korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, nikifunga marobota. Asubuhi moja tukaitwa majina uwanjani, walioitwa wakaambiwa wasirudi kesho. Niliitwa. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sina mume, na sikulia, ingawa wengi walitarajia nilie. Nilikwenda moja kwa moja kwenye shamba aliloniachia mjomba, nyuma ya Pongwe, ekari mbili zilizoshuka hadi bondeni, nikaanza kupanda mihogo na mahindi.

Nguruwe pori walikuja mahindi yalipoanza kubeba. Mtu ambaye hajawahi kulala na njaa baada ya nguruwe kupita hawezi kujua chuki hiyo ilivyo. Hawali wakaondoka. Wanang'oa, wanatafuna kidogo, wanatupa, wanalala juu yake, wanahamia tuta jingine. Mjomba aliniachia pia gobore lake, na kabla hajafa alikuwa amenifundisha kushindilia baruti, kuweka fataki, kulenga nyuma ya bega na kungoja. Kibali kilihamishwa kwa jina langu baada ya miezi saba ya kuambiwa nije kesho. Nilijenga ulingo juu ya mkwaju uliosimama mpakani mwa shamba, mbao tatu na kamba za mkonge, na nikawa napanda kabla hapajapambazuka vizuri, nakaa kimya na kiporo cha muhogo mfukoni mpaka nguruwe wanaporudi msituni kutoka mashambani wakati kunapambazuka. Mwezi wa kwanza nilipiga wanne. Sisemi nilijaribu. Nasema niliwapiga, nikaona walivyoyumba.

Tatizo ni kwamba risasi ya gobore haimwangushi nguruwe pale pale. Anakimbia. Anashuka bondeni kwenye maji, na huko ndiko anakofia. Kila mara niliposhuka mtini nikafuata damu nikizunguka kwa njia ya kwenye mwanzi, nilimkuta mnyama wangu amelala kando ya maji, na Mzee Kibwana amesimama juu yake na shemeji yake Hamadi, kisu mkononi. Mzee Kibwana alikuwa mkuu wa wasasi wa kijiji, mtu mrefu, msafi, mwenye sauti ya upole. Wao ni Waislamu, hawali nguruwe, na mzee hakumgusa kwa mkono. Hamadi alishika mkia kwa jani la mgomba, akaukata, akautia kwenye kifuko. "Shikamoo, mzee," nilisema mara ya kwanza, kwa kuwa adabu ni adabu hata mbele ya mwizi. "Marahaba, mwanangu. Huyu tumemmaliza sisi. Nyama chukueni nyinyi mnaokula. Ni sadaka yetu." Alinipa nguruwe wangu mwenyewe kama sadaka. Nilimbeba vipande vipande hadi kambini, tukamkaanga na vitunguu na pilipili kichaa, majirani wakaja na ugali wao, wakasifu nyama, wakamsifu Mzee Kibwana kwa ukarimu. Nilitafuna nyama hiyo kwa hasira hadi taya zikaniuma.

Mkia haukuwa pambo. Baruti mwaka ule ilikuwa adimu kuliko sukari, na ile iliyoletwa kijijini kwa ajili ya kulinda mazao iligawiwa kwa mikia: mwenye mikia mingi anapata baruti nyingi, asiye na mkia anasubiri. Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye meza, benchi mbili na harufu ya popo, na siku ya mgao ilijaa hadi dirishani. Mzee Kibwana aliweka mikia kumi na mmoja mezani. Mimi nikaweka mikono mitupu.

"Mikia yangu minne imo humo," nilisema.

Mwenyekiti alimtazama Mzee Kibwana. Mzee Kibwana hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. "Felista mwanangu," alisema, "wewe unalipua tu huko juu. Nguruwe wanashtuka, wanatukimbilia sisi, sisi tunawamaliza. Kwa kelele hizo tunakushukuru sana."

Chumba kizima kilicheka. Walicheka hata wanawake waliokuwa na mashamba jirani na langu, na siwalaumu, kicheko kikianza katika chumba kidogo ni vigumu kukaa nje yake. Mwenyekiti akaniuliza kama nina ushahidi. Nikasema ushahidi ni mimi. Akasema, "Hilo si jibu," akaita jina lingine. Nilibaki na baruti ya kupiga mara nne, pengine tano nikibana, na mahindi yalikuwa bado wiki tano kukomaa. Ukihesabu unaona mwisho wake.

Siku hiyo nilitembea hadi barabarani nikaenda mjini kwa Zuhura, kwa sababu palikuwa hapana mahali pengine ambapo ningeweza kutukana. Tulijuana tangu shule ya msingi. Sebule yake naiona mpaka leo: makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, picha ya Makka ukutani, harufu ya udi iliyokwisha kuungua, na runinga iliyovishwa kitambaa cha maua kama mgonjwa aliyelala. Kaka yake baharia alikuwa amemletea kamera ya video, ile ya kubeba begani inayomeza kaseti nzima, na kwa kamera hiyo Zuhura alijipatia kazi ambayo hakuna mwanamume angeweza kumnyang'anya. Alipiga picha za harusi upande wa wanawake, kule ndani ambako wapiga picha wa kiume hawaingii. Alinipakulia bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, nikala huku nikimweleza. Dirishani wanawake wawili walipita wakizungumza juu ya bibi harusi fulani aliyekataa katakata kwamba alicheza mbele ya wakwe, mmoja akasema, "Atakataaje? Si yumo kwenye kaseti ya Zuhura?" Zuhura akaacha kula. Akanitazama. Nikamtazama.

"Shoga," akasema polepole, "huyo mwenyekiti wako anataka ushahidi, sivyo?"

Nilidhani atakuja yeye. Aliniambia nimtoe kabisa katika mawazo hayo: nyonga hairuhusu, na hata ingeruhusu, yeye hakai mtini asubuhi yote akingoja mnyama ambaye hata jina lake hapendi kulitaja. "Kuangalia si kula, hilo sina neno nalo. Lakini atakayeangalia ni kamera. Wewe utaishika mwenyewe." Nikamwambia gobore linataka mikono miwili. Akasema basi kamera itafutiwe mkono wake. Halafu akasema jambo ambalo mimi nisingelifikiria, na linaonyesha alikuwa fundi wa kazi yake kweli: "Ukimpiga picha nguruwe peke yake, watasema aliyempiga si wewe. Lazima na wewe uonekane. Kwanza uso wako, utaje jina. Kisha mtutu. Kisha yeye. Bila kukata katikati."

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu vijana wa Ulaya waliojifunga kwenye miti kwa mikanda myeusi, kila mmoja na kamera ndogo kwenye mkono mwepesi unaokunjwa kama kiwiko, wakijipiga picha wakiwinda. Mmoja alikuwa anawafundisha wanaoanza vitu gani wanunue. Nilimtazama hadi mwisho. Vitu alivyovitaja vyote nilikuwa navyo, ila vyangu havikuwa na duka. Mkono wangu ulitengenezwa na Fundi Salimu, mchomeleaji aliyekuwa na banda nyuma ya soko, kutokana na kipande cha bomba la maji na usukani wa baiskeli. Alipouliza ni wa nini nikamwambia ni wa kubebea kamera mtini. Akauliza kamera itafanya nini mtini. Nikasema itampiga picha mwizi. Akacheka, kisha akaona sicheki, akachukua kipimo. Alichukua ile sehemu ya baiskeli ambapo usukani unazunguka, na goroli zake, akaichomelea kwenye bomba ili kamera igeuke kutoka kwangu hadi shambani kwa kusukumwa na kidole. Bomba tulilifunga kwenye tawi kwa vipande vya mpira wa tyubu, maana chuma kikisuguana na mti kinalia. Mimi mwenyewe nilisokota mkanda wa kamba ya mkonge wa kunizunguka kiunoni na shina, nisije nikaanguka nikitazama kioo. Miaka sita nilifunga marobota ya watu. Kamba hiyo ilikuwa ya kwanza kuifunga kwa faida yangu. Taa nyekundu ya mbele tuliiziba kwa plasta ya kidonda, na pale kamera ilipong'aa tulipaka masizi ya sufuria, Zuhura akisimama pembeni na mikono kichwani kama mtu anayetazama mtoto wake akinyolewa vibaya.

Nilijifunza sebuleni kwake. Alinifundisha kuweka jua mgongoni, kutopumulia kioo, kubonyeza kitufe na kuhesabu tatu kabla ya kusema neno. Nilimpiga picha akichambua mchele, akisali, akimgombeza paka. Betri ilidumu kama nusu saa, haikukubali zaidi, kwa hiyo isingewezekana kuiwasha alfajiri nikangoja. Ningewasha nikishamsikia mnyama anakuja. Na kamera haikuona gizani. Ililazimu niwaache wale wanaopita kungali kiza, nimngoje yule atakayechelewa. Jambo hilo liliniuma. Kila asubuhi niliwasikia wanapita chini yangu, wamejaa mahindi yangu tumboni, na mimi nimekaa juu na gobore lenye risasi, nangoja mwanga.

Asubuhi ya kwanza nilileta kwa Zuhura kaseti iliyojaa goti langu. Goti, jani, goti, na sauti yangu ikisema, "Wako wapi?" Tulicheka hadi mama yake akaja kuuliza kuna nini. Asubuhi ya pili nguruwe alikuja kukiwa kumekucha vizuri, dume lenye manyoya ya mgongoni yaliyosimama. Nilitaja jina langu mbele ya kioo kwa kunong'ona, nikasukuma mkono ugeuke, na goroli za Fundi Salimu zikalia kwi kama panya aliyekanyagwa. Dume likaruka. Sikupiga. Nilishuka nikaenda mjini na hasira hadi kwenye banda la Salimu, nikamwambia kitu chako kinapiga kelele. Akakifungua mbele yangu, akakijaza grisi, akakizungusha karibu na sikio langu mara kumi. Hakikulia. Kijijini wakati huo walikwishaanza kusema kwamba Felista amepata wazimu wa kufukuzwa kazi, anazungumza na mashine mtini. Mama mmoja wa kanisani alikuja hadi nyumbani kuniombea. Nilimwacha aombe, kisha nikamwomba anisaidie kubeba bomba. Alilibeba.

Asubuhi ya tatu ndiyo iliyofaa. Jua lilikuwa limeanza kugusa vichwa vya mahindi. Nilisikia majani yakivunjika upande wa juu, si kundi, mmoja, anatembea bila haraka kama mwenye shamba. Nikabonyeza. Nikahesabu tatu. "Mimi ni Felista, niko juu ya mkwaju wangu, shambani kwangu, asubuhi ya Alhamisi." Nikasukuma mkono, ukageuka kimya. Nikaingiza mtutu kwenye picha kama Zuhura alivyoniagiza. Jike kubwa likatoka kati ya mistari, likasimama, likanusa. Nilingoja ligeuze bega. Likageuza. Nikapiga.

Moshi ulijaa kila mahali. Ulipofunguka nilimwona amelala ubavu, anapiga miguu, kisha akainuka, mguu wa mbele hauna kazi tena, akaanza kushuka kuelekea bondeni. Nilifungua kamba nikashuka kwa upande wa nyuma, na kwa haraka hiyo nikasahau kuzima kamera. Nilifuata damu kwa njia ya mwanzi. Nilipofika majini, Mzee Kibwana alikuwa amekwishafika, na Hamadi alikuwa anafuta kisu kwenye majani.

"Nyama beba, mwanangu," alisema.

"Ahsante, mzee," nikasema. "Leo mkia huo uutunze vizuri."

Akanitazama mara moja, kwa makini kidogo. Nilifunga nyama nikaenda zangu.

Tulitazama kaseti hiyo mchana, mimi na Zuhura, madirisha yamefungwa. Uso wangu ukatokea, mkubwa, umejaa jasho, macho yamenitoka. Sikuwa nimewahi kujiona nikiwa hivyo. Nilijiona mtu wa kuogopwa kidogo, na lazima niseme nilipenda. Mtutu, nguruwe, moshi, nguruwe chini, nguruwe anakimbia. Zuhura alishika mdomo. "Basi," akasema, "yametosha." Akanyoosha mkono kuzima deki, nami nikamzuia, kwa sababu picha ilikuwa bado inaendelea. Shamba tupu. Mti ukatikisika mimi nikishuka, kisha ukatulia. Ndege mmoja akatua. Na hapo, nyuma ya kichuguu kilichokuwa mwisho wa shamba langu, kofia nyeupe ikainuka. Chini ya kofia akainuka Mzee Kibwana, akajikung'uta magoti. Nyuma yake Hamadi. Wakasikiliza kidogo. Kisha wakakata katikati ya mihogo yangu, wakikanyaga matuta, kuelekea bondeni kwa njia ya mkato, wakikimbia kama vijana.

Hawakuwa wanawinda. Walikuwa wanakuja kila alfajiri kukaa nyuma ya kichuguu kunisikiliza mimi. Nilimpiga kofi Zuhura mgongoni kwa nguvu hadi akalia, naye akanikumbatia. Mtu akikuibia kwa bahati unaweza kumsamehe. Hawa walikuwa wameniajiri bila kuniambia.

Pongwe kulikuwa na kibanda cha video kando ya barabara, ambapo watu walitazama sinema za karate wakiwa wamebanana kwenye mabenchi. Jumapili baada ya ibada, mwenye kibanda alitukubalia tuweke kaseti yetu kwanza. Habari zilikuwa zimetangulia. Watu walijaa hadi wengine wakatoboa makuti ukutani ili waone. Mwenyekiti alipewa kiti cha mbele. Mzee Kibwana alikuja pia, kanzu imepigwa pasi, na hilo nampa heshima yake: angeweza kukaa nyumbani. Uso wangu ulipotokea walipiga kelele. Nguruwe alipoanguka walipiga kelele zaidi. Ilipofika kofia nyeupe nyuma ya kichuguu hapakuwa na kelele kabisa, na katika ukimya huo nikawasikia Mzee Kibwana na Hamadi wa kwenye runinga wakikanyaga mihogo yangu, kwashi, kwashi, kwashi. Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Kumbe wanaatamia mayai!" na kibanda kikalipuka.

Mzee Kibwana alisimama. "Mashine inaweza kudanganya," alisema, lakini sauti yake ya upole ilikuwa imemkimbia. Mwenyekiti naye akasimama, na mimi, mjinga, nikadhani anasimama kwa ajili yangu. Akauliza: "Nani aliyetoa kibali cha kupiga picha katika kijiji hiki?" Akasema viongozi hawawezi kupigwa picha kwa siri, akasema siku hizi kila mtu anajifanyia atakalo kwa kuwa mambo yamelegezwa, akasema kaseti hiyo inachukuliwa na ofisi. Akanyoosha mkono kwenye deki.

Zuhura alikuwa karibu zaidi. Alibonyeza, kaseti ikatoka, akaitia ndani ya buibui lake, kifuani, akakaa sawasawa kwenye benchi na mikono imekunjwa. "Shikamoo, mwenyekiti," alisema. "Kaseti ni yangu, nina risiti ya forodha. Ikiwa ofisi inaitaka, ije iichukue ilipo."

Mkono wa mwenyekiti ulibaki hewani. Hapana mwanamume pale ndani ambaye angethubutu, na yeye alijua kuwa watu mia wanamtazama. Kicheko kilianzia kwa wanawake mara hii, na kilikuwa upande wangu. Nikasimama juu ya benchi. Nilisema sitaki mikia yangu irudishwe, imekwisha kuoza. Nataka baruti igawiwe kwa mashamba, kila mwenye kibali na shamba linaloshambuliwa apate sawa, na kama ofisi haitaki basi ofisi ije ikae juu ya mkwaju wangu ilinde yenyewe. Mama yule aliyeniombea akasimama. Akasema nguruwe aliyepigwa na marehemu mumewe, mwaka juzi, naye alikutwa hana mkia. Mzee mmoja wa Kibondei akasema na wake. Wakaendelea kusimama mmoja mmoja, na mwenyekiti akaona wanazidi, akakaa. Jumatano iliyofuata baruti iligawiwa kwa mashamba. Sikushukuru. Mahindi yangu niliyavuna, si yote, lakini niliyavuna.

Sitaki kusema kwamba hayakuwa na gharama. Mzee Kibwana aliacha kuitikia salamu yangu kwa miaka miwili. Nilimpa shikamoo kila nilipokutana naye, kwa sauti, ili wote wasikie kwamba hajibu. Lakini aliyelipa zaidi ni Zuhura. Kazi zake mbili za harusi, Ngamiani, zilifutwa wiki moja. Mama wa bibi harusi mmoja alikuja mwenyewe hadi sebuleni, nikiwapo, akakataa hata maji. "Kamera ile imetazama najisi," alisema. "Itamtazamaje binti yangu?" Zuhura akamjibu, "Na macho yako, hayajawahi kumwona nguruwe?" Mama yule akaondoka. Nilimwambia Zuhura nitakwenda kumwomba radhi, niseme kosa ni langu. Alinigeukia na hasira ambayo hakuwa amewahi kunionyesha. "Usithubutu. Ukiomba radhi wewe, na mimi nitakuwa nimekosa. Mimi sikukosa." Miezi mitatu alikaa bila kazi, akashona vitambaa vya makochi na kuviuza, na hakunung'unika hata mara moja mbele yangu. Wanaosema nilimharibia kazi wana haki ya kusema hivyo. Mimi nasema waliomharibia ni wale waliofuta harusi.

Mwishoni mwa mwaka ikaja barua kutoka Ushongo. Bibi mmoja mzaa mama wa bibi harusi alikuwa amesikia habari zetu, na alitaka kamera hiyo hiyo, si nyingine yoyote. Tulivuka mto Pangani na mizigo yetu, mkono wa Fundi Salimu ukiwa umefungwa kwenye mkeka. Bibi alitupokea kwenye baraza, mdogo, macho makali. "Nimeambiwa inakamata wezi," alisema. "Harusi ya mjukuu wangu wa kwanza waliniibia sahani za kaure kumi na mbili. Iweke juu, iwaone wote." Tukaufunga mkono juu ya boriti ya ukumbi, nikapanda mimi. Wanawake walikaa, ngoma ikaanza, pilau ikapakuliwa kwenye sinia. Na Zuhura, ambaye katika miaka yote ya kazi yake alikula makombo baada ya wageni kuondoka, kwa kuwa mpiga picha hana nafasi ya kula, alinitazama kule juu, akainua bega moja, akavua viatu akakaa kwenye sinia pamoja na wenye harusi.

"Wee, nani anapiga?" mmoja akamuuliza.

"Yule," alisema, mdomo umejaa. "Leo mimi nimealikwa."

Msichana mmoja wa chini yangu aliinua uso, akasita, akauliza kama ni kweli mimi ndiye yule mwanamke wa nguruwe. Nikasukuma kamera kwa kidole hadi ikamkabili.

"Ndiye," nikamwambia. "Hebu taja jina lako. Na usipepese macho."